Alama niliyoifuta kwa msasa

Mzee aliipokea bunduki kwa mikono miwili, akaigeuza tumbo juu, akaanza kuipapasa mbao ya mbele kwa kidole gumba. Alikuwa anatafuta kitu. Kidole kilikwenda, kikarudi, kikasimama pale mbao inapokutana na chuma, kikazungukazunguka mahali pale pale.

Kisha akaniangalia.

"Nani kaipiga msasa?"

Nikajibu, "Ni mimi, mzee." Nilijibu kwa fahari, maana vanishi ilikuwa imekauka vizuri na ukumbi mzima ulikuwa umeshaisifu kazi yangu.

Hakunigombeza. Aliilaza mezani taratibu, akachukua kofia yake.

"Umeinyoa, mwanangu," akasema, akatoka.

Hiyo ilikuwa wiki ya mwisho ya Septemba. Sasa ni katikati ya Novemba, na neno hilo bado halijanitoka.

## Kazi niliyopewa

Bunduki yenyewe imekufa zamani. Mtutu umetobolewa, ncha ya pini inayogonga risasi imekatwa, herufi DP zimepigwa kwenye chuma kuonyesha kwamba ni ya gwaride tu, na barua ya polisi iko kwenye faili la ukumbi. Ni Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Waingereza, ile fupi ya zamani, iliyotangulia Namba 4. Imetundikwa kwenye ukumbi wa wazee waliowahi kuvaa gwanda, hapa Jinja, tangu sijaanza shule. Mimi ni mtoto wa kambini. Kiswahili changu nilikipata huko huko, na bunduki ile niliiona ukutani kila baba aliponituma kumpelekea mtu ujumbe.

Sikukuu ya Uhuru ilikuwa inakaribia. Kamati ikaniletea karakana yangu Walukuba, wakaniambia niitengeneze ipendeze.

Kwa seremala, mbao nyeusi iliyonata mafuta ni mbao chafu. Nilianza na msasa namba 80, nikaenda 120, nikamalizia na 240. Vanishi nikapaka mara tatu, kila mkono nikiuacha ukauke usiku kucha. Nilifanya nilivyofundishwa, na tarehe 9 Oktoba ilitundikwa inang'aa.

Watu walipiga nayo picha. Mzee hakuja.

## "Picha za kabla unazo?"

Nina binamu anayeishi Canada. Huko, mwenye kibali anaweza kumiliki bunduki kuukuu za kijeshi, naye anazo kadhaa, anazitunza kama watu wengine wanavyotunza magari ya zamani. Nilimtumia picha ili anipongeze.

Akanipigia usiku ule ule. Hakunisalimia hata vizuri. "Picha za kabla unazo?"

Sikuwa nazo.

Alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kunieleza, na yale aliyonieleza ndiyo yaliyonifungulia maana ya neno la mzee.

Bunduki ya aina hii ina namba yake, na namba hiyo haipigwi mahali pamoja tu. Imo kwenye mwili wa chuma, kwenye mtutu, nyuma ya mkono wa bolti (kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma), chini ya kibao cha kulengea cha nyuma, kwenye kifuniko cha chuma cha mdomoni, na chini ya mbao karibu na ncha. Mnunuzi anayejua kazi yake huigeuza bunduki na kuzisoma namba moja baada ya nyingine. Zikikubaliana zote, bei inapanda. Bolti ikiwa na namba ngeni, bei inashuka.

Nilidhani ni mambo ya watu wenye pesa na muda. Binamu akanikatalia. Bolti ilikuwa inalinganishwa na mwili wake kiwandani, ili masikio yake yanayobeba nguvu ya mlipuko yakae sawasawa pande zote mbili. Askari 30 wakisafisha bunduki kwenye meza moja, ni rahisi bolti kubadilishana wenyewe. Namba ilipigwa ili kila bolti irudi nyumbani kwake. Kwa hiyo namba zinapolingana baada ya miaka 100, unajua hakuna aliyezembea katika mikono yote iliyoishika.

Na mbao? Mbao ndiyo inayobeba mihuri ya wakaguzi, ukubwa wa kitako, alama za mafundi waliotengeneza. Chuma kinaweza kupakwa rangi upya na fundi hodari akakuficha. Mbao ikishapigwa msasa, kingo zinakuwa za mviringo, inakaa chini ya usawa wa chuma badala ya kuuzidi kidogo, na mihuri inakwenda na vumbi.

"Hilo vumbi ulilifanya nini?" akaniuliza.

Nililifagia.

## Sahihi si asili

Kuna maneno mawili ambayo watunzaji hawa wa bunduki kuukuu huyatofautisha, na mimi sikuwa nimewahi kuyatenganisha katika kazi yangu yote ya useremala.

Kipande cha asili ni kile ambacho bunduki ilitoka nacho, au ilipewa na jeshi lenyewe ikiwa kazini. Kipande sahihi ni kile kinachofanana na cha asili: kiwanda kile kile, kipindi kile kile, chapa ile ile, ila kimetoka kwenye bunduki nyingine.

Binamu alinipa mfano wa karabini ya Marekani, bunduki fupi na nyepesi, ile M1 ya vita ya pili. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 6, na wakandarasi wakuu walikuwa kumi. Wengine hawakuwa hata watu wa silaha: IBM walikuwa wa mashine za ofisini, Rock-Ola walikuwa wa masanduku ya muziki ya baa. Kila kampuni ilipiga herufi zake kwenye vipande vyake. Baada ya vita, maghala ya jeshi yalizifungua karabini hizo, yakazisafisha, yakazifunga upya kwa kipande chochote kilichokuwa karibu, maana vyote vilikuwa vimeundwa viingiliane. Ukiokota moja leo, mwili ni wa kampuni hii, bolti ya ile, mbao ya nyingine kabisa.

Sasa wapo watu wanaotumia miaka wakitafuta kila kipande chenye herufi inayotakiwa, hadi springi na pini, ili karabini irudi kuwa ya kampuni moja. Vipande vidogo vina bei yake. Na karabini iliyokamilishwa hivyo hupendeza, haina kasoro, na inauzwa vizuri.

Lakini hiyo karabini haijawahi kuwepo. Hakuna askari aliyewahi kuibeba ikiwa hivyo.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, kwa sababu moyo wangu wa fundi uliwaelewa watu hao. Mteja akiniletea kabati la bibi yake limekosa mlango, nitatafuta mvule mzee kutoka kitanda kilichovunjika, nitalinganisha rangi na mishipa, na siku ya kukabidhi hutaona kiungo. Nimejivunia kazi hiyo maisha yangu yote. Sikuwahi kujiuliza kitanda kile kilikuwa cha nani.

Maana kila kipande sahihi kinachowekwa hapa, kuna mahali kimevuliwa. Binamu anasema huko kwao bunduki nzima, isiyo na tatizo, wakati mwingine hufunguliwa na kuuzwa vipande vipande, kwa sababu vipande vikijumlishwa vinazidi bei ya bunduki yenyewe. Nilimuuliza yetu ingekuwa ya kundi gani. Alisita.

"Kwa soko la huku, hiyo yenu ni ya vipuri."

Nikakumbuka mgeni mmoja aliyekuja Jinja kwa ajili ya mtumbwi wa Nile, miaka kadhaa iliyopita, akapitia ukumbini. Kwenye kitako kuna kisahani cha shaba, upana wake kama sarafu, kimeandikwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni huku Afrika Mashariki) na namba, herufi zimepigwa kwa mkono na hazikukaa kwenye mstari. Alitoa dola, akaomba kisahani tu. Bunduki hakuitaka. Wazee walimkatalia na wakaona ni mtu wa ajabu. Sasa najua alikuwa anajua alichokuwa anakifanya.

## Tulipoifungua

Nilimfuata mzee nyumbani kwake. Nilipiga magoti mlangoni kama mtoto, nikamwomba radhi, nikamwomba aje karakana tuifungue bunduki pamoja ili anionyeshe nilichoharibu. Alikuja siku ya tatu, na bisibisi yake mwenyewe mfukoni.

Nilishika kitako nikitaka kuanza nacho. Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Mbao ya mbele kwanza. Kila mara."

Ndani ya kitako kuna skrubu ndefu inayokifunga kwenye mwili. Ncha yake ya mbele ni ya pembe nne, nayo inashikwa na kipande cha chuma kilichomo ndani ya mbao ya mbele ili isilegee. Ukiizungusha kabla hujaitoa mbao ya mbele, ile ncha inageuka kama ufunguo ndani ya mbao na kuipasua. Nimefanya kazi ya mbao miaka 24 na nisingelijua hilo.

Alifungua skrubu za chini, akatoa kifuniko cha mdomoni, akainua mbao ya mbele polepole, akiipa nafasi ya kutoka yenyewe. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nami nikaona ufa mwembamba nyuma kabisa, umezibwa kwa kiraka cha mbao chenye umbo la mkia wa mbayuwayu, na pini ya shaba imepita katikati. Kimekaa vizuri hivi kwamba msasa wangu wote haukukisikia. Mishipa ya kiraka inafuata mishipa ya mbao yenyewe hadi mwisho.

"Kuna mjinga alianza na kitako," mzee akasema. "Nikapewa mimi niitibu."

Ilikuwa mwaka 1961, mwaka mmoja kabla 4 KAR, batalioni ya Uganda, haijageuka kuwa Uganda Rifles. Alikuwa na umri wa miaka 19, mwanafunzi kwenye karakana ya silaha, na hicho ndicho kiraka chake cha kwanza ambacho mkubwa wake hakukitupa. Wakati huo bunduki hizi fupi zilikuwa zimebaki kwa ajili ya kuwafundishia makuruta. Mkubwa wake alimruhusu apige herufi zake mbili pembeni ya kiraka.

Herufi hizo ndizo kidole chake kilikuwa kinazitafuta siku ile.

Sikuweza kusema kitu. Alinigusa bega, akaendelea na kazi.

Tulizisoma namba zote kwa tochi ya simu. Mwili ni wa BSA, kiwanda cha Uingereza, 1917. Bolti ina namba nyingine. Kitako ni cha bunduki nyingine iliyotangulia, maana kisahani cha shaba ni cha mtindo ulioachwa vita ya kwanza ilipokolea na viwanda kupunguza madoido. Mbao ya mbele ndiyo ngeni kuliko vyote: ina skrubu moja inayopita upande hadi upande, mbele kidogo ya magazini, kichwa chake kinaonekana nje.

Nilimtumia binamu picha. Akajibu neno moja: Ishapore.

Ni kiwanda cha bunduki kilichoko karibu na Calcutta. Mafundi wa India waliongeza skrubu hiyo ili kuzuia mbao isipasuke mahali pale.

Habari ilipofika ukumbini, wazee walisimama. Karibu kila mmoja wao ana baba au babu aliyekwenda na kikosi cha Afrika Mashariki mwaka 1944, akashuka bonde la Kabaw huko Bama (Myanmar ya leo), jirani ya India, kwenye mvua na matope hadi mto Chindwin. Mwenyekiti akataka liandikwe bango siku hiyo hiyo: bunduki hii ilipigana Bama.

Mzee peke yake alibaki ameketi.

"Skrubu inasema India," akasema. "Haisemi Bama. Tusiitilie maneno mdomoni."

## Mbao kutoka Canada

Wiki iliyofuata binamu alileta habari njema. Amepata mbao ya mbele ya BSA, ya kipindi kile kile, haijaguswa na msasa, mihuri yote ipo, mafuta ya miaka yote yamo ndani. Mwenyewe yuko tayari kuinunua kama zawadi kwa ukumbi, na karatasi za kuisafirisha atazishughulikia. Bunduki ya BSA ipate mbao ya BSA. Kosa langu lifutike.

Nitasema ukweli: nilifurahi mno. Nilitaka hiyo mbao ije kesho yake.

Kamati nayo ilikubali mara moja. Nani asingekubali? Ingekuwa sahihi kuliko ilivyokuwa kabla sijaigusa.

Usiku huo nilikuwa karakana nikiipanga ile mbao yetu kwenye rafu, kwa kuwa ingebaki bila kazi. Nikajikuta natafuta mahali pa kuiweka. Si kuni. Si ya kutengenezea kitu kingine. Niliigeuza nikaona kiraka, na skrubu ya India, na ndani ya mfereji ambamo mtutu unalala, pale ambapo msasa wangu haukufika, weusi wa mafuta ulikuwa ungalipo kama ulivyokuwa. Niliinusa. Inanuka mafuta ya taa, chuma na kitu kama karanga.

Kila kitu tunachokijua kuhusu bunduki hii, tumekipata kwenye vipande visivyo sahihi. Mwili unasema BSA 1917, kama bunduki nyingine nyingi sana duniani. Kwamba ilipita mikononi mwa mafundi wa India, hatukukijua kwa mwili, tulikijua kwa mbao. Mvulana wa miaka 19 hapa Jinja anajulikana kwa kiraka. KAR inajulikana kwa kitako cha kuazima.

Nikiiwekea mbao ya BSA, nitakuwa nimeipiga msasa mara ya pili.

Nilimpigia binamu kabla ya alfajiri ya huku. Hakukasirika. Alisema huko kwao pia wapo wanaoshikilia hivyo, kwamba bunduki iliyotengenezwa na jeshi ibaki jeshi lilivyoiacha, hata kama bei ya soko inawapinga. Akasema yeye mwenyewe ana moja aliyoisahihisha kwa vipande sita, na vile vya zamani alishaviuza na hajui viko wapi.

Kamati ilichukua mikutano miwili. Sitayasimulia yote.

## Chapa ndani ya kitambaa

Nilibakiwa na wazo moja, na hili ndilo lililonitesa kuliko yote.

"Mzee, ile chapa yako ya herufi bado unayo?"

Anayo. Ndani ya kitambaa cha khaki, ndani ya kopo la majani ya chai, chuma mbili ndogo zisizozidi urefu wa kidole. Aliniletea niione. Nikazishika. Nikamwambia: piga tena. Mkono ni wako, chapa ni yako, kiraka ni chako, mahali ni pale pale. Nani atasema si ya asili?

Sikumwambia kwamba nilikuwa nayaomba haya kwa ajili yangu mimi. Nadhani alijua.

Alizirudisha kwenye kitambaa, akaenda nazo nyumbani. Siku mbili nzima nilikuwa naranda mbao huku nikisikiliza kama pikipiki imesimama nje. Nilikuwa nimeshapanga tutakavyoilaza mbao kwenye mfuko wa mchanga ili isirukeruke chini ya nyundo. Nilikuwa hata nimefikiria namna ya kuzitia herufi weusi kidogo zisionekane mpya, na nilipofika kwenye wazo hilo la weusi niliacha kuranda, nikakaa chini.

Alirudi Alhamisi jioni.

"Ile niliipiga nikiwa na miaka 19," akasema. "Afande amesimama nyuma yangu, jasho linanitoka. Leo nitapiga ya mzee, halafu watu watasema ni ya yule kijana. Yule kijana sitaki kumwibia."

Nikamwambia nimeelewa, mzee.

Tukaitoa vanishi pamoja. Kwa dawa ya kulainisha na kitambaa cha gunia, bila kukwangua, kuanzia mchana hadi taa zilipowashwa. Kisha mafuta ya kitani, yale tunayoyaita linsidi, tone moja moja kiganjani, yanasuguliwa hadi kiganja kipate moto. Alinionyesha kiasi cha moto. Tumefanya hivyo kila Jumamosi tangu hapo, na mbao inaanza kurudisha wekundu. Ukiinamisha sana kwenye mwanga wa jioni, pembeni ya kiraka kuna kivuli ambacho mzee anasema ni mguu wa herufi ya pili. Mimi sikioni kila siku.

## Ndani ya kitako

Nyuma ya kitako kuna bamba la shaba lenye kimlango. Ndani yake askari alikuwa anaweka chupa ya mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Yetu ilikuwa tupu.

Jumamosi iliyopita niliandika kwa kalamu, kwenye karatasi ya daftari: mwili BSA 1917, bolti ya namba nyingine, kitako cha bunduki nyingine, kina kisahani cha KAR, mbao ya mbele ya Ishapore, kiraka kimewekwa Jinja 1961, alama ya fundi imefutwa kwa msasa Septemba 2025. Nikaandika jina langu kuwa ndiye niliyeifuta.

Mzee aliisoma akiisogeza mbali na macho. Akaomba kalamu. Chini ya jina langu akaandika la kwake, na pembeni akazichora zile herufi mbili jinsi zilivyokuwa zimekaa, ya kwanza imeinama kidogo kushoto.

Tukaikunja, tukaiviringisha kwenye kipande cha nailoni, tukaisukuma ndani. Kimlango kilikuwa kigumu, ikabidi akibonyeze kwa kidole gumba.